Akaunti ya ripoti za majitaka ni ya nani? Na maswali mengine ya wasomaji

Waswahili waliomo ndani ya ofisi ndogo za serikali hapa Marekani ni wengi kuliko tunavyodhani: makarani wa miji, mafundi wa mitambo ya majitaka, wasaidizi wa maabara. Mimi kazi ya maji niliianzia kwenye maabara ya mamlaka ya maji kule Tanga, na sasa nazunguka vijiji vya Kentucky nikisaidia miji isiyo na mhandisi wake. Mwezi huu nimechagua barua zinazohusu ripoti za mtandaoni. Kanuni ya EPA, yaani Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, iliyotangazwa Oktoba 2015 haikuuliza mji una watu wangapi. Tangu tarehe 21 Desemba 2016, mji wa watu 600 wenye mabwawa mawili ya majitaka unatakiwa kutuma ripoti zake kielektroniki kama linavyotakiwa jiji kubwa. Lakini jiji kubwa lina idara nzima ya kazi hiyo. Mji wa watu 600 una karani mmoja, na huyohuyo ndiye anayetoza bili za maji, anayeandika mihutasari ya baraza na anayepokea simu za mbwa wanaozurura. Ninamwandikia huyo.

Shikamoo Mama. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, nipo Kentucky mwaka wa nne sasa, na nimeajiriwa kama msaidizi wa karani kwenye mji wenye watu wasiofika elfu moja. Fundi wetu wa mtambo amestaafu. Yeye ndiye aliyekuwa akituma ripoti ya majitaka ya kila mwezi kwenye NetDMR, ule mfumo wa EPA wa kupokea ripoti mtandaoni. Ametuachia neno lake la siri kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya kompyuta, na meya ananiambia niingie nitume tu. Je, ni sawa? Tarehe ya mwisho inakaribia.

Marahaba, mwanangu. Si sawa. Ibandue karatasi hiyo, umwoneshe meya jibu hili, kisha muichane.

Akaunti ya kutia sahihi ni ya mtu, si ya mji. Tangu mwaka 2005 EPA ina kanuni inayoipa sahihi ya kielektroniki uzito uleule wa sahihi ya wino, na kila anayefungua akaunti ya namna hiyo husaini mkataba kwamba hatampa mtu mwingine neno lake la siri. Ukiingia kwa jina la mzee yule, ripoti itasomeka kwamba yeye ndiye aliyeikagua na kuapa kuwa ni ya kweli, na huku yuko nyumbani kwake hajui hata majitaka ya mwezi huu yalikuwaje. Likitokea tatizo, ataitwa yeye kwa ripoti asiyoiona, na wewe utaulizwa uliingiaje. Mji wenyewe utabaki na ripoti isiyosainiwa na mtu yeyote mwenye haki ya kuisaini.

Mwenye haki ni nani basi? Kwa upande wa mji, ni kiongozi wake mkuu wa kuchaguliwa au mtendaji wake mkuu. Kwenu ni meya. Meya anaweza kumkabidhi mwingine kazi ya kusaini ripoti, mradi awe mtu anayehusika na uendeshaji wa mtambo, na akabidhi kwa barua inayopelekwa kwa ofisi iliyotoa kibali cha kumwaga majitaka. Sheria inaruhusu barua hiyo itaje jina la mtu au itaje cheo. Mimi nashauri itaje cheo, kwa mfano "msimamizi wa mtambo", maana watu huondoka na cheo hubaki. Ila msichanganye mambo mawili: hata barua ikitaja cheo, akaunti ndani ya NetDMR inabaki ya mtu mmoja mmoja, na kila msimamizi mpya lazima ajisajili mwenyewe.

Sasa fanyeni hivi, na muanze leo. Wewe fungua akaunti yako kwa jina lako, uombe ruhusa ya kuhariri. Ruhusa hiyo inakuwezesha kuingiza namba zote za mwezi, lakini haikupi mamlaka ya kusaini, na huhitaji kuwa nayo. Meya afungue ya kwake, aombe ruhusa ya kutia sahihi. Atatakiwa kuchapisha mkataba, kuusaini kwa kalamu na kuutuma jimboni, kisha asubiri ofisa aukubali. Hapo ndipo miji midogo inapokwama, kwa sababu kila mtu hudhani kujisajili ni kazi ya dakika kumi, kumbe bahasha ina safari yake na foleni yake mezani kwa watu.

Baadhi ya mifumo inakupa njia ya mkato, ambapo kompyuta inakuthibitisha papo hapo kwa kulinganisha majibu yako na kumbukumbu za umma: anwani ulizowahi kuishi na mengineyo. Kwa sisi tuliofika nchi hii juzi, njia hiyo mara nyingi inakataa. Hatujakosea lolote, ni kwamba historia yetu hapa bado fupi. Nimeona vijana wakivunjika moyo, wakidhani wameshukiwa. Ikikataa, rudi kwenye karatasi. Ni njia halali kabisa.

Kuhusu mwezi huu: msinyamaze. Pigeni simu ofisi ya jimbo kabla ya tarehe ya mwisho, mseme mtia sahihi amestaafu na mpya anasubiri kukubaliwa, muulize wanataka ripoti iwafikie kwa njia gani. Mkikata simu, andikeni baruapepe fupi inayorudia mliyokubaliana, yenye tarehe na jina la mliyezungumza naye, na mhifadhi nakala. Wakati mnasubiri, ingiza namba zote kwenye akaunti yako ili meya akikubaliwa kazi yake iwe kufungua, kusoma na kusaini. Nasisitiza kutonyamaza kwa sababu hakuna mtu anayekaa akiwasubiri kwa huruma: tarehe ikipita, mfumo wenyewe unaandika kosa la kuchelewa, na zikipita siku 30 linahesabiwa miongoni mwa makosa makubwa. Linaonekana pia kwenye ECHO, tovuti ya EPA iliyo wazi kwa umma, ambako mwandishi wa gazeti, jirani anayeishi mto unakoelekea au mkopeshaji anaweza kulisoma kwenye simu yake.

Kuna jambo dogo linaloangusha wengi dakika za mwisho. Wakati wa kusaini, mfumo humtaka mtu aingize tena neno la siri, halafu humuuliza moja ya maswali aliyoyachagua siku ya kujisajili. Jibu lazima lifanane na lile la kwanza. Nilikaa na meya mmoja jioni ya siku ya mwisho, akakwama kwenye jina la shule yake ya msingi, kwa sababu siku ya kujisajili aliliandika kwa kifupi na sasa analiandika lote. Mwambie meya wako ayaandike majibu yake kama alivyoyaandika pale mwanzo, ayafungie nyumbani kwake. Yasikae ofisini.

Na mzee aliyestaafu mpigieni simu, lakini kwa jambo lingine: muulizeni ameweka wapi karatasi za maabara na daftari la mtambo. Kumbukumbu za vipimo zinatakiwa zihifadhiwe miaka 3 kwa uchache, na zile za tope miaka 5. Mkishapata mtia sahihi wa kwanza, msajilini wa pili mwezi huohuo, kabla hajaugua mtu wala kuchaguliwa meya mwingine.

Dada, habari za kazi. Niko Texas, naendesha mtambo mdogo wa mabwawa. Kiangazi hiki maji yalikauka kwa jua na hatukumwaga hata tone kwenye kijito kwa mwezi mzima. Niliandika sifuri kila mahali na mfumo ukanipa alama nyekundu. Pia maabara hunirudishia "chini ya 1" kwenye E. coli, wale bakteria wa kinyesi. Je, hiyo nayo si sifuri?

Habari njema, kaka. Hapana, sifuri haifai kwenye sehemu zote mbili, na sababu ni tofauti.

Ukiandika sifuri kwenye kipimo, unaiambia serikali kwamba ulichota maji, ukayapima, na kilichopimwa hakikuwepo. Wewe hukuchota, kwa sababu hapakuwa na maji ya kuchota. Kwa hali hiyo mfumo una herufi maalumu, na ya kutomwaga ni C. Huna haja ya kuijaza mstari kwa mstari: iweke mara moja juu ya fomu ya bomba lenu la kumwagia na itashuka kwenye mistari yote. Lakini ripoti lazima itumwe hata kama hakikutoka kitu. Wapo wanaodhani mwezi mkavu ni mwezi wa mapumziko, matokeo yake wanaandikiwa makosa kwa kila kipimo kilichomo kwenye kibali, wakati kijito hakikuguswa.

Sasa E. coli. Maabara ikisema "chini ya 1" inasema kwamba njia yao haiwezi kuona kidogo kuliko hapo. Haisemi hakuna. Kwenye NetDMR kuna kisanduku kidogo mbele ya namba, ndani yake mna alama ya usawa, ya pungufu na ya zaidi. Chagua ya pungufu, kisha andika 1.

Wastani wa E. coli nao una hesabu yake. Vibali vingi vinataka wastani wa jiometri, ambao unazidisha matokeo yote kisha unatafuta kipeuo kulingana na idadi ya matokeo. Chukua matokeo manne: 10, 200, 1 na 50. Ukiyazidisha unapata 100,000, na kipeuo chake cha nne ni karibu 18. Ungejumlisha na kugawa kwa nne, kama tulivyozoea shuleni, ungepata 65. Sasa weka sifuri mahali pa ile 1: ukizidisha chochote kwa sifuri unapata sifuri, na mwezi mzima unageuka kuwa safi kabisa, pamoja na ile siku ya 200. Mkaguzi akiona sifuri hapo anajua mara moja kilichofanyika. Kikomo kinachoonekana kwenye vibali vingi vya mito ya maji baridi ni 126 kwa mililita 100, kwa hiyo na 18 zako uko salama tu. Huhitaji msaada wa sifuri.

Kwa kuwa uko kwenye hesabu, nikuongezee ya pauni. Vibali vingi vinataka uzito wa uchafu kwa siku, si kiwango chake majini peke yake. Mtiririko kwa galoni milioni kwa siku, mara miligramu kwa lita, mara 8.34. Siku yenye mtiririko wa 0.12 na oksijeni inayohitajika, ile BOD, ya 22, inakupa pauni 22 hivi. Fanya hesabu hiyo kwa kila siku uliyochukua sampuli, ukitumia mtiririko wa siku hiyo, ndipo utafute wastani. Ukizidisha wastani kwa wastani utapata jibu jingine. Nimeona miji ikijiandikia ukiukaji ambao haukutokea, na mingine ikificha ukiukaji uliotokea bila kujua, kwa sababu ya mstari huu mmoja kwenye jedwali la kompyuta.

Kuhusu alama nyekundu kwa jumla: ziko za aina mbili. Aina moja inakuzuia kabisa, mpaka urekebishe. Nyingine inakuonya tu, kwa mfano namba imepita kikomo cha kibali, na inakutaka uweke tiki kwamba umeiona. Hiyo ya pili haikuambii ubadilishe namba. Kama namba ni ya kweli, weka tiki, jaza idadi ya mara ulizovuka kikomo, andika maelezo chini, tuma.

Mama, sitaji jimbo langu. Mwezi uliopita gari liliharibika, sampuli ya bakteria ikachelewa kufika maabara na wakaikataa. Bosi wangu ananiambia niandike namba ya mwezi wa kabla yake, eti maji ni yaleyale. Sina amani.

Hiyo kukosa amani ni akili yako inafanya kazi vizuri, isikilize. Usiandike.

Maabara haikuwaonea. Sampuli ya bakteria inatakiwa ifike mapema ikiwa kwenye barafu, na kipimo kianze ndani ya saa 8 tangu ichotwe, kwa sababu wadudu hao hufa au huzaana ndani ya chupa, na baada ya hapo unapima chupa, hupimi mto. Sampuli iliyokosekana ni kosa, lakini ni kosa dogo linalosemeka. Mfumo una herufi E kwa kipimo ambacho hakikufanyika. Weka E, andika kwenye maelezo: gari liliharibika tarehe fulani, maabara ikakataa sampuli, tumepanga hivi ili isitokee tena. Ambatanisha karatasi ya maabara ya kukataa.

Namba ya kubuni iko upande mwingine kabisa wa sheria. Sheria ya Maji Safi ya Marekani inamhesabu anayetoa maelezo ya uongo kwa kujua kuwa mhalifu: faini hadi dola 10,000, kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Na haimgusi bosi peke yake. Nimesaidia miji iliyokosa sampuli nyingi, na mazungumzo yao na jimbo yaliisha kwa barua na ratiba ya marekebisho. Jambo lisilosameheka kirahisi ni daftari la maabara lisilo na sampuli, na ripoti yenye namba.

Mwambie bosi kwa heshima, tena kwa maandishi: "Nimeandaa ripoti kwa herufi E na maelezo haya, naomba uisome kabla ya kusaini." Mara nyingi inatosha, maana wengi wao hawana nia mbaya, wanaogopa tu. Ikiwa atakulazimisha au akikuadhibu, sheria hiyohiyo inamlinda mfanyakazi anayelalamikia uvunjaji wake. Malalamiko hupelekwa OSHA, idara ya usalama kazini iliyo chini ya Wizara ya Kazi, ndani ya siku 30 tangu kuadhibiwa. Siku 30 ni chache, kwa hiyo usingoje mambo yatulie. Hifadhi nyumbani nakala ya ulichoandika.

Sisi tuko milimani, intaneti inakuja na kuondoka. Je, mji mdogo hauwezi kusamehewa ukaendelea na karatasi? Na nani anaweza kutusaidia bila kututoza?

Udogo peke yake hausamehe. Sheria ya mwaka 1980 inahesabu kila serikali yenye watu chini ya 50,000 kuwa ndogo, lakini inawataka watunga kanuni wawafikirie wadogo wakati wa kuandika. Haisemi kanuni isiwaguse. Kanuni ya 2015 ina ruhusa ya muda ya kutumia karatasi, isiyozidi miaka 5, na mnaiomba wenyewe kwa ofisi iliyotoa kibali. Ipo pia ruhusa ya kudumu kwa jamii ambazo dini yao hairuhusu teknolojia hizi, kama Waamish, na ya dharura isiyozidi siku 60 kwa maafa kama mafuriko makubwa. Ombeni ya muda kama kweli mnaihitaji. Lakini jaribuni kwanza kutuma kutoka maktaba ya kaunti. Ripoti ya mtambo mdogo ni nyepesi, na mkipata nakala rasmi papo hapo hamtabishana na mtu kuhusu bahasha iliyopotea.

Msaada wa bure upo. Chama cha maji vijijini cha jimbo lenu, kilicho chini ya National Rural Water Association, kina mafundi wanaozunguka na kuja mpaka mtamboni. Mtandao wa RCAP, yaani Rural Community Assistance Partnership, nao unasaidia miji midogo kwenye hesabu, mikopo na ripoti. Wote wanalipwa sehemu kubwa na fedha za serikali kuu. Ukiwapigia, waambie namba ya kibali chenu na tarehe yenu ya mwisho, waje wakiwa wamejiandaa. Tarehe hiyo isomeni kwenye kibali chenu wenyewe, maana miji jirani inaweza kutofautiana.

Hatuna mtambo, tuna mitaro ya mvua tu, jiji kubwa ndilo linalopokea majitaka yetu. Tumeambiwa ripoti yetu ya mwaka nayo imekuwa ya mtandaoni. Tuanzie wapi?

Ninyi mko kwenye awamu ya pili ya kanuni hiyohiyo. Ilikuwa ianze Desemba 2020, ikasogezwa hadi tarehe 21 Desemba 2025, na majimbo yaliruhusiwa kuomba muda zaidi, mwisho wake 2028. Kwa hiyo muulizeni ofisa wa jimbo lenu mambo mawili: mfumo gani, na kuanzia ripoti ya mwaka upi. Yote niliyomjibu yule wa Kentucky kuhusu mtia sahihi yanawahusu na ninyi.

Kazi yenu ngumu ni kumbukumbu. Ripoti ya mitaro inagusa mambo sita: elimu kwa wananchi, kuwashirikisha, kutafuta mabomba yanayomwaga uchafu kwa siri, kusimamia maeneo ya ujenzi, maji ya mvua baada ya ujenzi kwisha, na usafi wa karakana na barabara za mji wenyewe. Fomu ya karatasi ilivumilia sentensi kama "tulikagua mitaro mara kwa mara". Fomu ya mtandaoni ina visanduku vinavyotaka idadi: mitaro mingapi, lini, mlikuta nini, mlichukua hatua gani. Huwezi kuvikumbuka Desemba.

Mpeni fundi wa barabara daftari la kukaa ndani ya gari, au simu ya ofisi. Akifungua kifuniko cha mtaro aandike barabara, tarehe, kama maji yalikuwa yanatiririka na kama mvua ilinyesha siku zilizotangulia. Maji yanayotiririka siku kavu ndiyo ya kufuatilia, kwa sababu huenda yanatoka kwa mtu. Kila Ijumaa karani ayahamishie kwenye jedwali lenye safu zilezile za fomu ya jimbo.